Nani Hukipa Kitufe Maana? Historia ya Kibodi ya Keshia

Kibodi inayotumiwa na keshia katika supamaketi, hoteli au kituo cha mafuta hufanana kwa mbali tu na kibodi ya ofisini, kwa kuwa vitufe vyake vingi havina herufi bali vina majina ya bidhaa, aina za malipo na amri kama vile kufuta, kujumlisha na kufungua droo, na maana ya kila kimoja haikuamuliwa kiwandani bali iliwekwa baadaye na mtu aliyeketi kuipangilia. Kazi hiyo, ambayo mafundi huiita kuprogramu kibodi, huonekana ndogo mno kustahili historia yake yenyewe. Hata hivyo, anayeifuatilia tangu karne ya 19 hukuta ndani yake mvutano mkubwa kuliko kifaa chenyewe, nao ni mvutano juu ya nani mwenye mamlaka ya kuamua kitufe fulani kifanye nini. Mamlaka hayo yalianza mikononi mwa kiwanda, yakahamia kwa mwenye duka na makao makuu ya kampuni za rejareja, na katika nchi nyingi za leo sehemu yake muhimu imeishia kwa mamlaka ya kodi.

Asili ya mashine hizi ni mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako James Ritty alikuwa na baa yenye wateja wengi na faida isiyolingana na wingi wao, kwa sababu wahudumu walitia mfukoni sehemu ya fedha walizopokea. Mwaka 1878 Ritty alisafiri kwa meli kwenda Ulaya, na humo melini akakiona kifaa kilichohesabu mizunguko ya rafadha, yaani lile pangaboi linaloisukuma meli majini, akahitimisha kwamba ikiwa mizunguko ya chuma inaweza kuhesabiwa bila kutegemea uaminifu wa mtu, basi hata mauzo yanaweza. Aliporudi alishirikiana na ndugu yake John, aliyekuwa na ujuzi wa ufundi, na mwezi Novemba mwaka 1879 wakapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa mashine ambayo baadaye waliitangaza kwa jina lenye maana ya keshia asiyehongeka. Jina hilo lilieleza nia yao waziwazi: mashine haikubuniwa ili kumrahisishia keshia hesabu, bali ilibuniwa ili kumchunga.

Mashine ya kwanza ilikuwa na uso wa mviringo mfano wa saa ya ukutani, wenye mishale miwili, mmoja wa dola na mwingine wa senti, na chini yake vitufe ambavyo kila kimoja kiliwakilisha kiasi kamili cha fedha. Hapa pana tofauti ya msingi na kibodi za leo, kwani kitufe hakikuwa tarakimu ya kuunganishwa na nyingine ili kupata bei. Kitufe kilikuwa bei yenyewe, na mhudumu aliyekibonyeza alisogeza mishale hadi kiasi hicho mbele ya macho ya mteja na ya yeyote aliyesimama karibu. Katika mashine zilizofuata, Ritty aliondoa uso wa saa na kuweka vibao vidogo vilivyochomoza juu vikiwa na kiasi kilichobonyezwa, kisha akaongeza mkunjo wa karatasi uliotobolewa kwa sindano katika safu ya kila kiasi, hivi kwamba usiku mwenye baa angeweza kuhesabu matundu ya kila safu na kujua ni kiasi gani kilipaswa kuwa kimekusanywa. Waliomfuata waliongeza droo inayofunguka yenyewe na kengele inayolia kila inapofunguka. Kengele hiyo, ambayo wengi hudhani ni pambo, ilikuwa chombo cha ulinzi, kwa sababu ilimwezesha mwenye duka aliye chumba cha nyuma kujua kwamba droo imeguswa.

Ritty hakutajirika kwa uvumbuzi huo. Aliuza haki zake mwaka 1881 kwa Jacob Eckert, na mwaka 1884 John H. Patterson, mfanyabiashara wa makaa ya mawe ambaye tayari alikuwa ameinunua mashine hiyo kwa duka lake mwenyewe na kuona faida yake, akaichukua kampuni iliyotengeneza mashine hizo na kuiita National Cash Register, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha NCR. Patterson ndiye aliyeifanya mashine ya baa iwe mashine ya dunia: aliwafundisha wauzaji wake kukariri maneno ya kumshawishi mteja, aliwapangia maeneo ya kuuzia, na kufikia mwaka 1911 kampuni ilikuwa imeuza mashine milioni moja. Njia zake hazikuwa safi zote. Mwaka 1913 yeye na maofisa wake kadhaa, akiwamo Thomas J. Watson ambaye baadaye aliijenga IBM, walitiwa hatiani kwa kuhodhi soko, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa. Wahudumu wa maduka na baa nao hawakuipokea mashine kwa furaha, kwa kuwa waliona, na si bila haki, kwamba kuwekewa mashine ni kuambiwa mbele ya wateja kwamba hawaaminiki.

Kilichokuwa kigumu katika mashine za kipindi hicho ni kwamba maana ya kitufe ilichongwa ndani ya chuma. Nyuma ya kila kitufe kulikuwa na wenzo, gia na gurudumu lenye meno, na kubadilisha kiasi cha kitufe kulihitaji kuibadilisha mashine yenyewe, kazi ambayo mwenye duka hakuweza kuifanya na ambayo hata fundi wa mtaani angeiogopa. Kwa hiyo duka lililotaka vitufe vya idara zake, au herufi kwa kila muuzaji ili kila mmoja awe na droo yake, lililazimika kuagiza hivyo tangu mwanzo, na kiwanda kikatengeneza aina nyingi mno za mashine ili kutosheleza biashara tofauti.

Uzito wa jambo hilo huonekana vizuri zaidi katika suala la sarafu. Fedha ya Uingereza hadi mwaka 1971 ilikuwa na peni 12 katika shilingi moja na shilingi 20 katika pauni moja, na kwa sababu hiyo mashine zilizouzwa huko zilihitaji safu ya peni inayoishia 11 na utaratibu wa shilingi unaoishia 19 kabla ya kuhamia pauni. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1921 kuchukua nafasi ya florini, iligawanywa katika senti 100, kwa hiyo mashine iliyotoka London ikiwa na vitufe vya peni isingefaa kitu katika duka la Mombasa au Dar es Salaam, ingawa pande zote mbili zilitawaliwa na himaya moja na zote ziliitumia shilingi. Uingereza ilipohamia mfumo wa desimali tarehe 15 Februari 1971, maduka ya nchi nzima yalijikuta na mashine ambazo safu zake za vitufe zilihesabu fedha isiyokuwapo tena, na ikabidi ama zigeuzwe na mafundi ama zitupwe. Ni vigumu kupata mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi gharama ya kuiweka maana ya kitufe mikononi mwa kiwanda.

Hatua ya kwanza ya kuondoka katika hali hiyo ilitokea bila mtu yeyote kuikusudia. Charles Kettering, mhandisi aliyeingia NCR mwaka 1904, alipewa kazi ya kuifanya mashine iendeshwe kwa umeme, jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani kwa sababu mota yenye nguvu ya kusukuma gia zote hizo ingekuwa kubwa kuliko mashine yenyewe. Kettering alitambua kwamba mota haihitaji kufanya kazi mfululizo. Inahitaji kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ipumzike, na kwa kazi ya namna hiyo mota ndogo inatosha. Mashine yake ilikamilika mwaka 1906, na wazo lilelile alilitumia baadaye kutengeneza stata ya umeme ya magari. Katika historia ya kibodi, umuhimu wa mota hiyo ni kwamba ilitenganisha kuchagua na kutenda, kwa kuwa kidole cha keshia kilibaki na kazi ya kuonyesha kinachotakiwa tu, huku nguvu ya kukitimiza ikitoka kwingine. Kitufe kisichobeba mzigo wa gia ni rahisi zaidi kupewa kazi nyingine.

Hatua ya pili ilihusu idadi ya vitufe. Mashine za safu zilikuwa na vitufe vya 1 hadi 9 kwa kila nafasi ya namba, yaani safu ya mamoja, safu ya makumi, safu ya mamia na kuendelea, hivi kwamba kibodi moja iliweza kuwa na vitufe zaidi ya 50 kwa ajili ya tarakimu peke yake. Watengenezaji wa mashine za kujumlishia walianza kupunguza wingi huo kwa kutumia vitufe kumi tu vinavyobonyezwa kwa zamu, na mpangilio wa ndugu wa familia ya Sundstrand wa Rockford, Illinois, uliotoka katika muongo wa 1910, ukiwa na 7, 8 na 9 juu na 1, 2 na 3 chini, ndio uliokuja kutawala vikokotoo na kibodi za maduka. Kampuni ya simu ya Bell ilipofanya utafiti wake kabla ya kuleta simu za vitufe mwaka 1963, ilichagua kinyume chake, ikaweka 1, 2 na 3 juu, na mpangilio huo ukarithiwa na mashine za kadi za benki na baadaye na simu za mkononi. Matokeo yake yapo hadi leo katika kaunta yoyote ya Nairobi au Arusha, ambako keshia huandika bei kwenye kibodi inayoanza na 7 huku mteja akiandika namba ya siri ya kulipia kwenye simu inayoanza na 1, na wote wawili hawaoni ajabu.

Mapinduzi yenyewe yalikuja katika muongo wa 1970, pale elektroniki ilipochukua nafasi ya gia. Mwaka 1974 kampuni ya William Brobeck na wenzake iliitengenezea migahawa ya McDonald's mfumo uliotumia kichakata kidogo cha Intel 8008, ukiwa na kitufe kwa kila chakula kilichomo katika orodha: keshia alibonyeza 3, kisha kitufe cha aina fulani ya sandwichi, na mfumo ukatafuta bei, ukazidisha, na mwisho ukajumlisha kodi kwa kiwango cha jimbo husika. Keshia hakuhitaji tena kujua bei, wala hakuweza kuibuni. Mwaka huohuo, tarehe 26 Juni, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, si mbali na Dayton, pakiti ya bazoka iliuzwa kwa senti 67 kwa kusomwa msimbo pau, yaani ile michoro ya mistari myeusi na myeupe, na hapo hata kitufe cha bidhaa kikaanza kuonekana cha ziada. Kwa mji wa Dayton mabadiliko haya yalikuwa msiba. NCR ilichelewa kuachana na mashine za gia, ikabaki na shehena kubwa ambayo hakuna aliyeitaka, na maelfu ya wafanyakazi waliozijua gia hizo kwa vidole vyao walipoteza kazi.

Mashine za elektroniki zilizoenea katika maduka madogo duniani kote, nyingi zikitoka Japani, zilimpa mwenye duka uwezo ambao hakuwahi kuwa nao: kuamua mwenyewe kila kitufe kiuze nini na kwa bei gani. Uwezo huo haukuachwa wazi kwa kila mtu. Pembeni mwa kibodi kulikuwa na kufuli yenye nafasi kadhaa, ambapo ufunguo wa keshia ulifika katika nafasi ya kuuzia peke yake, wa msimamizi ulifika hadi nafasi ya X inayotoa ripoti ya mauzo bila kuyafuta na nafasi ya Z inayotoa ripoti na kurudisha hesabu kwenye sifuri, na wa mwenye mali ulifika hadi nafasi ya kuprogramu. Katika nafasi hiyo ya mwisho, mwenye duka aliandika bei, akabonyeza kitufe alichokitaka, akathibitisha, na kuanzia hapo kitufe kilichokuwa cha sabuni kikawa cha sukari. Kufuli hiyo ndogo iliandika katika chuma na plastiki ngazi za madaraka za duka, na yeyote aliyewahi kufanya kazi dukani anajua kwamba aliyekuwa na ufunguo wa Z ndiye aliyekuwa mkubwa halisi, hata kama jina la msimamizi lilikuwa la mwingine.

Kompyuta ndogo zilipoingia madukani baada ya IBM kutoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, kibodi ilitengana na mashine na kuwa kifaa kinachojitegemea, na kampuni kama Cherry na Preh za Ujerumani zikajenga jina kwa kibodi za kaunta zenye vitufe vingi, hata 128 katika baadhi ya mifano, ambavyo vyote vilitoka kiwandani bila maana iliyokwisha amuliwa. Namna ya kuvipa maana inastahili kuelezwa kwa karibu. Kibodi ya kompyuta haitumi herufi. Hutuma msimbo unaotaja mahali kitufe kilipo, na kompyuta ndiyo inayoutafsiri msimbo huo kuwa herufi kulingana na lugha iliyochaguliwa. Kibodi ya kaunta ina kumbukumbu ndani yake, isiyofutika umeme unapokatika, na fundi huijaza kwa programu maalumu inayomchorea vitufe vyote kwenye skrini: huchagua kitufe, huandika mfululizo wa misimbo anayotaka kitume, huendelea na kingine, na mwishoni huuhamishia mpangilio wote ndani ya kibodi. Kitufe cha ndizi katika idara ya matunda, kwa mfano, kinaweza kuprogramiwa kutuma 4, 0, 1, 1 na kisha kitufe cha kuingiza, kwa kuwa 4011 ndiyo namba ya kimataifa ya ndizi mbivu za kawaida katika orodha ya namba za mazao iliyoanza kutumika mwaka 1990. Keshia hubonyeza mara moja, na mfumo wa mauzo huamini kwamba kuna mtu ameandika namba yote.

Baada ya hapo hubaki kazi ya mkasi. Vitufe hivyo vina vifuniko viwili, cha juu kikiwa cha plastiki angavu kinachong'olewa kwa kibanio, na katikati huwekwa kipande cha karatasi kilichochapishwa jina la bidhaa au amri. Vitufe viwili au vinne vilivyo jirani vinaweza pia kufunikwa kwa kifuniko kimoja kikubwa, na kwa kawaida kitufe cha jumla hupewa heshima hiyo kwa sababu hupigwa mara nyingi. Kufuli ya zamani haikupotea, kwani kibodi nyingi za aina hii zinayo, nayo hubadilisha tabaka, yaani seti nzima ya maana, hivi kwamba kitufe kilekile hufanya jambo moja ufunguo ukiwa kwa keshia na jingine ukiwa kwa msimamizi.

Hitilafu za kazi hii zina tabia zake. Kwa kuwa kinachotumwa ni mahali na si herufi, mpangilio uliotayarishwa kwa desturi ya Kijerumani ukitumika kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza hubadilishana Y na Z, na amri inayoanza na mojawapo hufanya jambo lisilotarajiwa au halifanyi lolote. Wakati mwingine kibodi hutuma misimbo kwa kasi kuliko mfumo wa mauzo unavyoweza kuipokea, tarakimu ya katikati ikapotea, na dawa yake ni kuingiza kituo kifupi kati ya misimbo. Na kwa vile kumbukumbu imo ndani ya kibodi, kibodi iliyohamishwa kutoka kaunta moja hadi nyingine huhama na mpangilio wake, ikauza vitu vya idara ilikotoka. Wenye maduka walitegemea kwamba fundi aliyeipangilia angekuwapo siku zote, na mara nyingi hakuacha hata faili la mpangilio wake.

Skrini ya kugusa ilipunguza utegemezi huo, lakini haikumrudishia mwenye duka mamlaka. Gene Mosher, mwenye mgahawa wa Syracuse, New York, alionyesha mwaka 1986 mjini Las Vegas mfumo wa mauzo wa skrini ya rangi ya kugusa uliotumia kompyuta ya Atari, ambamo kitufe kilikuwa picha tu na kubadilisha maana yake hakukuhitaji kibanio wala karatasi. Kitufe kilichochorwa kwa programu kinaweza kuchorwa kutoka mbali, na kampuni zenye matawi mengi zilipounganisha kaunta zao kwa mtandao, meneja wa tawi aligundua kwamba vitufe vya dukani kwake vinabadilika usiku bila yeye kuulizwa.

Wakati huohuo mkono wa serikali ulikuwa umeshafika kwenye kaunta. Italia ilitunga mwaka 1983 sheria ya kulazimisha mashine za mauzo zenye kumbukumbu ya kodi isiyofutika, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Kenya ilileta mashine zijulikanazo kama ETR, yaani rejista za kielektroniki za kodi, katikati ya miaka ya 2000 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, na Tanzania ikaanza kutumia mashine za EFD, yaani vifaa vya kielektroniki vya kodi, mwaka 2010, ambazo hupeleka taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato kupitia mtandao wa simu. Tanzania ilipopanua wigo kuwaingiza wafanyabiashara wasiosajiliwa katika kodi hiyo, maduka yalifungwa kwa mgomo katika miji kadhaa kati ya mwaka 2013 na 2014, na hoja kubwa ya waliogoma ilikuwa bei ya mashine. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, ingawa haikugusa badiliko zito zaidi. Ritty alimwekea mhudumu mashine ili amchunge. Mashine za kodi kama EFD zimewekwa kumchunga mwenye duka, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chombo hiki anayelipia mashine na anayechungwa nayo ni mtu mmoja.

Mashine nyingi za EFD zina kibodi ndogo, lakini ugawaji wa madaraka ndani yake ni mkali kuliko ule wa kufuli ya zamani. Mwenye duka anaweza kuingiza jina la bidhaa na bei yake, na anaweza kuligawia kundi la bidhaa kitufe anachokitaka. Viwango vya kodi huwekwa na fundi wa wakala aliyeidhinishwa, kumbukumbu ya kodi hufungwa kwa lakiri, na ripoti ya Z ikishatolewa mwisho wa siku hakuna ufunguo wa dukani unaoweza kuifuta.